Baada ya Hukumu, Nani Amefunzwa Kuirejesha Owino Uhuru?

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia wakazi wa Owino Uhuru, Mikindani, fidia ya sumu ya kiwanda, shilingi bilioni 1.3, ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeitengua mwaka mmoja na nusu kabla. Tangu hapo mtaa huo unazungumzwa kwa namna inayochanganya mambo. Wapo wanaosema hela zikilipwa mtaa umepona. Wapo wanaosema watu wahamishwe, basi. Wengine wanauliza kwa nini matingatinga yasiletwe yakauzoa udongo kwa wiki moja. Na katika kila mazungumzo neno “wataalamu” halikosekani: wataalamu watakuja, wataalamu watapima, wataalamu watashauri, kana kwamba wamekaa mahali fulani kivulini wakisubiri kuitwa.

Fidia ni kazi ya wakili na mhasibu. Matibabu ni kazi ya daktari. Kuurejesha mtaa uliotiwa sumu hadi mtoto aweze kucheza uani bila kuumia ni kazi ya tatu, na hiyo haina mwenyewe. Uchambuzi huu unahusu watu wa kazi hiyo ya tatu: wanafunzwa wapi, nani anapaswa kuwafunza, na kwa nini njia zote zinazopendekezwa zina kasoro.

Kilichotokea nyuma ya ukuta

Mikindani iko upande wa bara wa Mombasa, ukishavuka Makupa na kuipita Changamwe, katika kaunti ndogo ya Jomvu ambayo sensa ya 2019 iliikuta na watu 163,415. Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda wenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi ukutani mwa mtaa huo, kikitoa madini ya risasi kwa ajili ya kuuzwa nje. Moshi ulitoka juu, maji machafu yalitoka chini, na vumbi likatua juu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, katika sufuria.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009 kushughulikia uhusiano na jamii. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Aliacha kazi, akaanzisha kituo cha kutetea haki na mazingira kinachojulikana kwa kifupi kama CJGEA, na mwaka 2015 akatuzwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ilifikishwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa mwaka 2016, na Julai 2020 mahakama ikatoa hukumu: wakazi walipwe bilioni 1.3, na udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kuifanya kazi hiyo. Lawama iligawanywa kati ya kampuni, mwenye ardhi na taasisi za serikali, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, likaiangukia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikairudisha hesabu ya fidia katika mahakama ya chini ili ifanywe upya. Kisha ukaja uamuzi wa Desemba 2024.

Miezi minne! Aliyewahi kusimamia kazi ya udongo wenye sumu angeshtuka kuusikia muda huo. Kuupima mtaa kiwanja kwa kiwanja, kuchora ramani ya sumu, kupata mahali halali pa kuutupa udongo, kuleta udongo safi, kukubaliana na kila mwenye nyumba: hayo peke yake humaliza zaidi ya miezi minne hata pale ambapo watu wa kuyafanya wapo.

Neno lenyewe nalo ni mtego. Kwa Mswahili, risasi kwanza ni ile itokayo kwenye bunduki. Ukimwambia mama wa Mikindani kwamba mwanawe ana risasi mwilini, picha anayoipata siyo ya metali laini ya kijivu inayopatikana ndani ya betri. Kozi yoyote ya wahudumu watakaopita nyumba kwa nyumba inafaa ianzie hapo, kwenye lugha, kabla ya kufika kwenye kemia.

Kazi yenyewe inataka nini

Bila kuielewa kazi hatuwezi kujua nani afunzwe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Ikishaingia hukaa kwenye mifupa na meno kwa miaka mingi, na mwanamke anapobeba mimba hutoka mifupani ikarudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Njia kuu ya mtoto kuipata ni rahisi mno: anacheza chini, anatia mkono mdomoni.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko kasi yake. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotokana na wachimbaji wadogo wa dhahabu kusagia mawe majumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini walishikilia sharti moja: kijiji kisafishwe kwanza. Kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye ua uleule wenye sumu ni kupoteza dawa na kumdanganya mzazi. Udongo ukatangulia, tiba ikafuata. Kijiji cha Bagega, kilichochelewa kusafishwa hadi 2013, kilichelewa pia kupata tiba.

Basi daktari wa Mikindani anahitaji kujua jambo ambalo chuo cha udaktari hakimfundishi, yaani hali ya udongo wa nyumbani kwa mgonjwa wake. Mhandisi anahitaji kujua kwamba tarehe ya kumaliza kuzoa udongo ndiyo tarehe ya kuanza tiba. Mpimaji wa ardhi anahitaji kujua nani anamiliki nini, kwa sababu hakuna anayezoa ua wa mtu bila idhini, na katika mitaa ya maskwota wa Pwani “ua wa nani” ni swali linaloweza kukaa mahakamani miaka ishirini. Afisa wa afya ya umma anahitaji kuwaeleza wazazi kwa nini chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu hupunguza ufyonzaji wa risasi, na kwa nini kufagia pakavu ni vibaya kuliko kupangusa kwa kitambaa chenye maji. Kila mmoja kati yao amesoma. Aliyesomeshwa kazi ya mwenzake ndiye hayupo.

Mfano mmoja unaonyesha uzito wa jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima damu ya watoto 130 walio chini ya miaka mitano katika Owino Uhuru na katika mtaa wa Bangladesh, ambao uliwekwa kama kipimo cha kulinganishia. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita. Wa Bangladesh 3.7. Wakati huo kigezo kilichotumika Marekani kilikuwa 5, hivyo Bangladesh ikaonekana iko salama. Mwaka 2021 kigezo kilishushwa hadi 3.5. Kwa kalamu ya watu walio ng'ambo ya bahari, mtaa uliokuwa wa kulinganishia ukavuka mstari. Viwango vya udongo navyo vilibadilika: Januari 2024 Marekani iliteremsha kiwango cha tahadhari katika makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200. Mtaalamu aliyefunzwa mara moja, akapewa cheti na kuachwa, angekuwa anatumia ramani iliyopitwa na wakati.

Nchi iliyojifunza kukimbilia janga

Kwa nini Kenya haina watu hawa? Jibu moja liko katika historia ya taasisi zake. Kituo cha kitaifa cha kuratibu majanga kiliundwa 1998 baada ya mvua za El Niño. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, ilizaliwa 2011, mwaka wa ukame mkali. Kila chombo kilizaliwa mvua ikiwa bado inanyesha au ng'ombe wakiwa bado wanakufa, na kikarithi tabia ya saa ile: kuokoa, kugawa, kuhesabu maiti, kuondoka. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la zimamoto na usimamizi wa majanga kwa pamoja, katika mstari mmoja wa Jedwali la Nne. Usishangae basi kwamba katika fikra za wengi usimamizi wa majanga ni gari jekundu lenye king'ora.

Upande wa vurugu hali ni hiyohiyo, na watu wa bara ya Mombasa hawahitaji kuelezwa. Usiku wa 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, silaha zikachukuliwa, na mashambulizi yakaenea kusini mwa Pwani. Watu wapatao 100,000 waliyahama makazi yao. Tume ya Akiwumi iliundwa 1998, ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Tume ilichunguza nani alifanya nini. Swali la Likoni itarejeaje, nani atasuluhisha nyumba zilizouzwa kwa bei ya kutupa na wenyewe wakikimbia, vijana waliofukuzwa kazini wataajiriwa wapi, hilo halikuwa kazi ya majaji na halikukabidhiwa mtu mwingine.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani mwezi Mei 2008. Familia iliyorejea iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Ulikuwa mpango wa malori na bahasha. Waliojihifadhi kwa ndugu na jamaa badala ya kambini wengi wao hawakuonekana kwenye orodha, kwa sababu waandikishaji walijua kuhesabu mahema tu. Hili ni kosa la mafunzo, si la roho mbaya. Aliyefunzwa kazi ya kurejesha anajua kwamba wakimbizi wengi zaidi huwa sebuleni kwa shangazi.

Hoja ya shahada

Kundi la kwanza linasema dawa ni vyuo vikuu. Mifano ipo. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina skuli nzima ya usimamizi wa majanga na misaada ya kibinadamu. Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi kina kituo cha mafunzo ya majanga kilichokaa pamoja na taaluma za ujenzi, upimaji na mipango miji, ujirani ambao kwa kazi ya kurejesha una maana kubwa. Pwani yenyewe ina Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi, na maabara zao ziko karibu na Mikindani kuliko maabara yoyote ya Nairobi.

Nguvu ya hoja hii ni kina. Kupima sumu, kutafsiri takwimu, kuandika ushahidi unaosimama mahakamani ni ujuzi unaohitaji miaka. Na kesi ya Owino Uhuru ilikaribia kuvunjika katika rufaa palepale penye hesabu ya madhara. Sajili nzuri ya wakazi, vipimo vya damu vilivyorudiwa kila mwaka na ramani ya udongo vingepunguza mabishano mengi.

Udhaifu wake uko kwenye ajira. Tangazo la kazi la kaunti humtafuta mhandisi, mchumi, afisa wa afya ya umma, mpimaji. Mhitimu wa usimamizi wa majanga huishia kwenye mashirika ya misaada, na mashirika humpeleka penye janga jipya, kwa kuwa ndiko wafadhili wanakotazama. Miaka minne ya masomo inazalisha mtu ambaye Jomvu haina kiti cha kumkalisha.

Hoja ya warsha

Kundi la pili, lenye wafuasi wengi serikalini, linapenda kozi fupi: siku tatu au tano hotelini Nyali au Bamburi, mkufunzi kutoka shirika la kimataifa, cheti mwishoni. Ni rahisi kuzicheka. Kila mtu anaijua semina ambayo posho yake inakumbukwa kuliko mada yake. Lakini warsha zina sifa moja ambayo vyuo havina: huwaketisha mezani daktari, mhandisi na chifu, watu ambao kwa mwaka mzima hukutana kwa barua tu.

Tena kuna mbinu zilizopitia njia hiyo zikazaa matunda. Tathmini ya mahitaji baada ya janga, ambayo Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na Benki ya Dunia walikubaliana kuitumia kwa pamoja mwaka 2008, ilitumika Kenya kupima ukame wa 2008 hadi 2011, ikakadiria madhara na hasara ya dola bilioni 12.1. Maafisa wa wizara walijifunza kwa kufanya.

Tatizo ni kimo cha chombo. Tathmini ya aina ile inaona mikoa na sekta: mifugo, kilimo, maji. Ukiielekeza Owino Uhuru, watu 3,000 kando ya ukuta mmoja, haioni kitu. Madhara yao ni tone katika hesabu ya taifa. Majanga mengi ya Mombasa bara yako kimo hicho hicho, yakiwa makubwa mno kwa familia moja na madogo mno kwa Nairobi.

Hoja ya wageni

Ya tatu inasema kodi kampuni ya nje, isafishe, iondoke. Kwa udongo wenye sumu kali si wazo baya kwa hatua ya kwanza, na Zamfara ilianza hivyo. Ila Kabwe, Zambia, inatoa onyo. Mgodi na kiyeyusho cha risasi vilifanya kazi huko kuanzia 1906 hadi 1994. Mradi wa mamilioni ya dola wa Benki ya Dunia ulikuja 2003 ukamalizika 2011. Mwaka 2016 ukaja mwingine wa dola milioni 65.6. Mwaka 2019 Human Rights Watch ilikuwa bado inaandika ripoti kuhusu watoto wa Kabwe wanaoishi kwenye udongo wenye risasi. Mkandarasi huondoka na mashine zake. Anayebaki na vumbi linalopeperuka upya kila kiangazi ni mkaguzi wa manispaa, na kama yeye hajui kupima, mradi umeisha siku ya kufunga ofisi.

Hoja ya kuwafunza walio kazini

Hapa ndipo uchambuzi huu unaegemea, kwa tahadhari. Kenya ina mfano wake wa nyumbani. Tangu 2004 Wizara ya Afya imeendesha mpango wa kuwafunza wataalamu wa elimu ya milipuko ambao hauwatoi watumishi kazini: sehemu kubwa ya muda wao hutumika mashinani, wakichunguza mlipuko halisi, wakichambua takwimu halisi, chini ya msimamizi. Mwanafunzi haji na swali la kubuni. Swali liko kwenye kata, na jibu lake linatumika kesho yake. Wanapohitimu tayari wana cheo, mshahara na dawati.

Kazi ya kurejesha ingeweza kufunzwa kwa mtindo huo. Chukua watumishi ambao kaunti ya Mombasa inawalipa tayari: afisa wa afya ya umma, mtaalamu wa maabara, mhandisi wa barabara, afisa wa mipango miji, afisa wa ustawi wa jamii. Wape eneo moja, si darasa moja. Wapime udongo wa Owino Uhuru kwa kifaa cha mkononi cha eksirei, wapeleke sampuli za kuhakikisha kwa Mkemia wa Serikali mwenye tawi Mombasa, wakae na orodha ya watoto, wachore mpangilio wa kuzoa na kufunika, waandike bajeti, wajibu maswali ya wakazi Jumamosi chini ya mwembe. Zamfara ilifanya jambo la aina hii: wafanyakazi wa jimbo walifunzwa kazi wakiwa kazini, na katika vijiji vya baadaye wao ndio walioshika koleo na vipimo.

Kasoro za njia hii hazifichiki. Ya kwanza ni uhamisho. Mtumishi aliyeiva huhamishwa au hupandishwa cheo akaenda kusimamia kitu kingine. Ya pili ni mzigo: afisa wa afya ya umma wa Jomvu ana kazi ya kipindupindu, vibali vya mikahawa na takataka za soko kabla hujamkabidhi risasi. Ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Mahakama ilizikuta taasisi za serikali zenyewe na hatia. Kumwambia mkazi kwamba atakayesimamia usafishaji ni mtumishi wa mfumo uleule uliotoa leseni na kufumba macho ni kumwomba mkazi imani ambayo haijalipiwa. Hakuna kozi inayotibu hilo. Kinachoweza kulipunguza ni matokeo ya vipimo kubandikwa hadharani, nyumba kwa namba, na mpimaji wa pili asiye wa serikali kurudia sehemu ya sampuli.

Hoja ya wakazi

Kundi la tano linasema wataalamu wako Owino Uhuru tayari. Kwa maana moja ni kweli kabisa. Bila wakazi waliohifadhi kumbukumbu, waliojua nani aliugua lini na bomba lilimwagia wapi, hakungekuwa na kesi. Pia kuna wahudumu wa afya ya jamii, 100,000 nchi nzima tangu serikali ilipowapa vifaa Septemba 2023, ambao wanaijua kila nyumba na kila mlango. Na Kenya sasa ina utaratibu wa kutambua rasmi ujuzi uliopatikana nje ya darasa, jambo linaloweza kumpa cheti fundi wa mtaani asiyekuwa na karatasi.

Lakini hoja hii ina hatari inayopendwa na wahasibu. “Ushirikishwaji wa jamii” hugeuka haraka kuwa kazi bila malipo. Na kwa risasi kuna hatari ya mwili: mtu ambaye mifupa yake imebeba sumu kwa miaka mingi hafai kupewa koleo akazoe sumu hiyohiyo, hasa mwanamke anayeweza kupata mimba. Wakazi wanafaa kuwa wasimamizi, waandishi wa sajili, wapokeaji wa malalamiko, wakaguzi wa ubora, kazi zenye mshahara. Kuchimba kufanywe na wenye vifaa vya kujikinga na damu iliyopimwa kabla na baada.

Kukaa au kuhama

Swali hili lingeweza kuachwa, lakini linaingia kila mahali. Wanaotaka watu wahamishwe wana sababu: kuhamisha ni haraka, kunaondoa watoto kwenye hatari, hakuhitaji kemia. Wanasahau ardhi ya Mombasa. Eneo tupu bara halibaki tupu. Wataingia maskwota wengine, maskini kuliko wa kwanza, wasio na habari ya sumu na wasio na hukumu ya kuwalinda. Kuhamisha bila kusafisha ni kubadilisha wagonjwa tu. Kwa hiyo hata atakayeamua kuhamisha bado anamhitaji mtu wa udongo, na anamhitaji zaidi mtu wa mipango na ardhi, ambaye katika orodha nyingi za kozi za majanga hata hatajwi.

Mizani

Tukiziweka hoja hizi pamoja, kila moja inajibu swali tofauti. Chuo kinajibu nani ataandika kiwango na kukihuisha. Warsha inajibu nani atafahamiana na nani. Mkandarasi anajibu nani ana mashine. Mkazi anajibu nani anajua ukweli wa mahali. Mtumishi wa kaunti aliyefunzwa kazini ndiye peke yake anayejibu swali la nani atakuwepo mwaka wa kumi. Kwa kuwa risasi haiozi wala haitoroki, mwaka wa kumi ndio unaoamua.

Uamuzi wangu ni kwamba fedha za kwanza za mafunzo ziende kwa walio kazini, na vyuo vya Pwani vilipwe kuwasimamia badala ya kuanzisha shahada mpya. Masharti yawe mawili: asiyekubali kubaki katika kaunti ndogo hiyo miaka mitatu asipokelewe, na matokeo yote yachapishwe kwa Kiswahili. Gharama si kubwa. Asilimia tatu ya zile milioni 700 zilizotajwa na mahakama mwaka 2020 ni shilingi milioni 21, ambazo zinatosha kununua vifaa na kuendesha kikosi kidogo kwa kipindi cha kuanzia. Kinachokosekana ni cheo: nafasi moja katika muundo wa utumishi wa kaunti yenye jukumu la kurejesha maeneo baada ya janga, yenye mtu wa kuulizwa jambo linapokwama. Bila nafasi hiyo, kila aliyefunzwa atarudi kwenye vibali vya mikahawa.

Kuna kejeli ya kijiografia hapa. Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba petroli yenye risasi imekoma kuuzwa kwa ajili ya magari duniani kote, ushindi wa kampeni ya karibu miaka ishirini. Ujuzi wa kuimaliza risasi uko katika nchi hii, kwenye barabara ileile inayopita karibu na Mikindani, mwendo wa kilomita zisizofika mia tano.

Sheria inaitaka kaunti kuwasikiliza wananchi kabla ya bajeti kupitishwa. Mkazi wa Jomvu atakayehudhuria kikao hicho aulize mambo mawili na asikubali kujibiwa kwa neno “wataalamu”. Ni maafisa wangapi wa kaunti hii wanaoweza leo kupima risasi katika udongo wa ua wangu? Na yule atakayenisomea majibu mwaka 2035 anaajiriwa lini?